"Walikuja bila maji": hesabu ya tangi la zimamoto

Kila moto mkubwa ukipita Kampala, uwe wa Owino, Kisenyi au Katwe, husikika maneno yale yale: zimamoto walikuja bila maji. Wanaosema hivyo wametazama mali ya miaka ikigeuka majivu, na hakuna mwenye haki ya kuwanyamazisha. Lakini mara nyingi gari halikuja tupu. Lilikuja limejaa, likamwaga, maji yakaisha. Tofauti hiyo ni kubwa. Gari likija tupu, kosa liko kituoni. Maji yakiisha katikati ya kazi, sehemu kubwa ya kosa iko mtaani kwetu, na huko ndiko tunakoweza kurekebisha wenyewe.

Tufanye hesabu. Chukua gari lenye tangi la lita 4,000. Yapo madogo kuliko hilo na yapo makubwa. Mpira mmoja wa mkononi ukifunguliwa sawasawa hula kama lita 400 kwa dakika. Kwa mpira mmoja, basi, tangi lina dakika kumi. Ukifungua wa pili, ni dakika tano. Moto wa soko lenye vibanda vya mbao na marobota ya mitumba unataka mipira mitatu au minne kutoka pande tofauti, na hapo tangi zima linakauka ndani ya dakika tatu hivi. Dakika tatu hazimtoshi mwenye duka kufunga makufuli yake.

Ndiyo maana utamwona askari akimwagia maji jengo ambalo bado halijashika, huku kibanda kinachowaka kikiachwa. Watu hupiga kelele, wengine hutaka kumnyang'anya mpira. Kwa mwenye kibanda inauma sana, lakini kiongozi wa kikosi anajua ana lita ngapi. Kibanda kilichokwisha kushika kimekwenda; kukizima kungekula tangi lote, na moto ungeruka kwa jirani wakati gari limefuata maji. Akilowesha ukuta na paa la jirani, maji yale yale machache yanaokoa safu nzima.

Zimamoto wa Uganda ni polisi

Uganda haina idara ya zimamoto ya manispaa kama wengi wanavyodhani. Kuzuia moto na uokoaji ni kurugenzi ndani ya Polisi ya Uganda. Anayeshika mpira ni askari polisi mwenye cheo cha polisi, na mkurugenzi wake yuko chini ya Inspekta Jenerali. Kenya, tangu Katiba ya 2010, kazi hii ni ya serikali za kaunti. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye sheria yake ya 2007 na namba yake, 114. Aliyehamia Kampala kutoka Dar es Salaam aisahau 114. Hapa ni 999 au 112, na simu ni bure.

Makao makuu yako Kampala, eneo la Clock Tower, na miji ya mikoa kama Jinja, Mbale, Gulu na Mbarara ina vituo vyake. Uwanja wa ndege wa Entebbe una kikosi chake chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu kanuni za kimataifa zinataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Ajali za ziwani huenda kwa polisi wa majini.

Kuwa ndani ya polisi kuna faida ya wazi: anayefunga barabara, anayezima moto na anayechunguza chanzo wako chini ya amri moja. Hasara nayo ni ya wazi. Bei ya gari moja la ngazi, mipira na mitungi ya hewa inagombea fungu lile lile na doria, magereji na mishahara ya polisi wote. Kwa maoni yangu zimamoto wanastahili fungu linalosimama peke yake, maana mpira uliooza hauonekani hadi siku unapopasuka.

Kazi yenyewe si moto tu. Kuna aliyeanguka kwenye choo cha shimo, kuna jengo lililoporomoka, kuna dereva aliyebanwa ndani ya gari kwenye barabara ya Masaka. Lundo la taka la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, waokoaji walichimba siku kadhaa. Halafu kuna kazi isiyopigwa picha: kukagua majengo, kufundisha shuleni, kusimama na gari kwenye mikusanyiko mikubwa.

Ndani ya gari kila mtu ana nafasi yake. Kiongozi hukaa mbele. Yeye ndiye anayezunguka jengo akifika, kabla mpira haujafunguliwa, kwa sababu upande wa nyuma mara nyingi ndiko watu waliko madirishani. Wawili hushika nozeli, wengine hutandika mipira na kutafuta maji. Dereva ndiye mwendesha pampu, na habanduki hapo hata kama moto ni wa nyumba ya ndugu yake. Kila mita 10 za kupanda hula bar moja (bar ni kipimo cha msukumo), na urefu wa mpira wenyewe hula zaidi. Waliopanda ghorofa ya nne wakifungua nozeli na dereva hakuongeza, wanapata maji ya bomba la jikoni mbele ya moto. Akiongeza kwa ghafla, nozeli inawatupa ngazini. Na yeye ndiye anayetazama kipimo cha tangi na kupiga kelele likibaki robo, ili walio ndani warudi nyuma wakiwa bado na maji ya kujikinga.

Simu

Kosa la kwanza ni kila mtu kudhani mwenzake amekwisha kupiga. La pili ni kupiga baada ya kuhangaika na ndoo kwa dakika ishirini. Chumba chenye godoro la sponji na pazia kinaweza kuwaka chote kwa mpigo ndani ya dakika tatu hadi tano. Moshi wa darini ukifika nyuzi 500 au 600, kila kitu kilichomo hushika pamoja. Piga kwanza, ndoo baadaye.

Kampala haisomeki kwa namba za nyumba, kwa hiyo eleza kama unavyomwelekeza boda. Kwa mfano: "Afande, moto umewaka Kisenyi, ghala la plastiki, ghorofa mbili, kuna watu juu. Gari lipite upande wa msikiti, upande wa sokoni ni pembamba. Namba yangu ndiyo hii, nitamweka kijana wa boda barabara kuu awaongoze." Kwa maneno hayo machache afande amepata mahali, kinachowaka, watu, njia na kiongozi. Kinachowaka ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: mafuta yanataka povu, na kituo kisipojua, gari la povu halitoki. Usikate simu kabla hajakuambia ukate.

Wakati gari liko njiani, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ana kazi ya maana kuliko kutazama moto. Aondoe magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, meza za biashara na matofali ya ujenzi; gari la zimamoto linataka upana wa karibu mita 4. Lita 4,000 za maji peke yake ni tani nne, bado chuma, kwa hiyo usilipitishe juu ya kifuniko cha mtaro kilichofyatuliwa kwa ajili ya boda. Atafute fundi wa umeme au apige simu shirika la umeme likate laini. Na mpira ukishatandikwa, mtu asipitishe gari juu yake. Tairi likisimama juu ya mpira, waliomo ndani ya nyumba hukosa maji ghafla, na hawajui kwa nini.

Maji yanatoka wapi tangi likiisha

Hapa ndipo moto wa Kampala unapoamuliwa. Gari linapaswa kuunganishwa na haidranti, yaani mdomo maalumu kwenye bomba kubwa la shirika la maji, National Water, ambao zimamoto huufungua kwa ufunguo wao. Zipo zinazosimama kama nguzo fupi pembeni mwa barabara, na zipo zilizofukiwa chini ya kifuniko cha chuma.

Itazame ile ya chini kwa karibu. Askari hufunua kifuniko na kukuta shimo la kina cha mkono. Likiwa zima, ataona mdomo wenye hesi na kando yake kichwa cha valvu cha pembe nne. Hufunga bomba la kusimama kwenye hesi ile, huweka ufunguo mrefu wenye umbo la T juu ya valvu, na kuzungusha polepole. Maji ya kwanza huyamwaga chini kwa sekunde kadhaa. Anayetazama huona ni upotevu, ila maji yale yamebeba mchanga, kutu na vifuniko vya soda. Yakiingia kwenye pampu na nozeli, kazi imekwama. Maji yakiwa safi ndipo mpira huunganishwa. Akifungua valvu kwa pupa, mshtuko wa maji unaweza kupasua bomba la mtaa mzima.

Hayo yote ni shimo likiwa zima. Mara nyingine limejazwa udongo na kaveera (mifuko ya plastiki) hadi juu. Mara nyingine kifuniko kimeuzwa chuma chakavu, au barabara imewekwa lami mpya na haidranti ikabaki chini yake, au kioski cha simu kimesimama juu yake kwa miaka mitano. Gari hulazimika kukimbia kilomita kadhaa kujaza na kurudi kwenye foleni, na mtaani watu wanasema: tazameni, wamekimbia.

Kuna jambo jingine linalotokana na mji wetu wa vilima. Maji ya sehemu kubwa ya Kampala hushuka kwa uzito wake kutoka matangi ya juu, kama yale ya Muyenga yaliyokipa kilima jina la Tank Hill. Haidranti iliyo mita 50 chini ya tangi ina bar tano kabla hujahesabu hasara za njiani. Iliyo mita 10 chini ina bar moja tu. Kwa hiyo nyumba za mabondeni mara nyingi zina msukumo mzuri na njia mbaya, za juu zina njia nzuri na msukumo mdogo.

Wenye maghala na shule hunionyesha kwa fahari tangi la plastiki la lita 10,000 juu ya mnara. Tangi ni zuri, tatizo ni mdomo. Limefungwa bomba la nusu inchi, linalotoa lita ishirini au thelathini kwa dakika. Kujaza gari la lita 4,000 hapo kunachukua zaidi ya saa mbili. Toa tundu jingine chini ya tangi, weka bomba na valvu ya inchi mbili na nusu, kisha nenda kituo cha zimamoto cha karibu uulize mipira yao inaungana kwa kiungio cha aina gani, ununue hicho hicho. Usinunue kwa kukisia. Viungio vya mifumo miwili havishikani, hata vikiwa na kipenyo kimoja.

Kama kuna bwawa la kuogelea au kidimbwi, pampu inaweza kuvuta, lakini kuna mpaka wa asili. Pampu haivuti maji. Hutoa hewa ndani ya bomba na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kimo ambacho usawa wa bahari kingekuwa mita 10 kwenye karatasi, hapa ni kama 9. Kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya 6 au 7. Tundu dogo kwenye kiungio linatosha kuharibu uvutaji wote. Na ukivuta kutoka mtaro wa Nakivubo, kichwa cha bomba lazima kiwe ndani ya kichujio na kikapu, la sivyo kaveera la kwanza linaziba.

Kwa nini wanatoka kabla moto haujazimika

Hili nalo hutafsiriwa vibaya. Mtungi wa hewa wa mgongoni wa lita 6.8, ukijazwa hadi bar 300, una hewa ya lita zipatazo 2,000. Kwa lita 40 kwa dakika hiyo ni dakika 50, lakini mtu anayeburuta mpira uliojaa maji kwenye ngazi zenye giza hupumua mara mbili ya hapo, na muda unarudi dakika 25. Karibu na bar 55 filimbi ya mtungi hulia yenyewe. Hiyo si ishara ya kuanza kufikiri kutoka. Kufikia hapo askari anatakiwa awe mlangoni. Huingia wawili wawili, na nje kuna mtu mwenye ubao wa majina na saa za kuingia. Hapo ukiona wanatoka, wanakwenda kubadilisha mitungi.

Moto wa paani una ugumu wake. Jengo Kuu la Makerere lilipoungua alfajiri ya 20 Septemba 2020, moto ulikuwa juu. Paa limejengwa limwage maji ya mvua, na maji ya zimamoto humwagika vile vile. Yakitoka chini huteleza juu ya vigae wakati mbao za ndani zinaendelea kuwaka. Ama upate ngazi ndefu, ama uingie kutoka ndani na kupasua dari.

Mioto inayotaka akili tofauti

Gesi ikiwaka kwenye mdomo wa mtungi, usiuzime moto kabla ya kufunga valvu. Moto unaowaka pale unaonekana. Ukiuzima na gesi ikaendelea kutoka, inatambaa sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na sigiri (jiko la mkaa) ya jirani inailipua. Funika mkono kwa kitambaa kilicholoweshwa, funga valvu kulia. Ikishindikana, toa watu, mwagia maji mwili wa mtungi kutoka mbali ukiwa umejikinga, piga 999.

Kikaangio cha mafuta hakitaki tone la maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika na mfuniko, acha hapo hadi kipoe.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 6 unaisha ndani ya sekunde 15 hadi 20. Simama mita 2 au 3, mlango ukiwa nyuma yako, vuta pini, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, bonyeza huku ukifagia. Unga hushikamana chini ukikaa muda mrefu, hasa kwenye gari. Ugeuze juu chini mara moja kwa mwezi uusikie ukiporomoka. Mshale ukiwa kwenye kijani lakini unga umeganda, utapata hewa tu.

Lori la mafuta likipinduka, hakuna kinachokusubiri pale isipokuwa kifo. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali, na mvuke huo hutambaa chini hadi kwenye injini ya boda. Namungoona, tarehe 29 Juni 2013, watu zaidi ya 30 walikufa waliposogea kuchota. Kigogwa, barabara ya Bombo, Oktoba 2024, ikatokea tena. Zimamoto wakifika humwaga povu, kwa kawaida lita 3 za dawa kwa lita 97 za maji, kufunika mafuta yasitoe mvuke. Blanketi hilo likikanyagwa na wachotaji linachanika, na kazi inaanza upya.

Mabweni

Bweni la Budo Junior liliungua mwaka 2008. Shule ya wasioona ya Salama, Mukono, tarehe 25 Oktoba 2022, walikufa watu 11. Kwenye mabweni gari la zimamoto karibu kila mara huchelewa, kwa sababu dakika tatu au tano za godoro la sponji ni fupi kuliko safari yoyote kutoka mjini. Kinachookoa watoto ni mlango.

Bweni linataka milango miwili kwenye ncha mbili tofauti, yote ikifunguka kwa nje, na usiku isifungwe kwa kufuli kutoka nje kwa sababu yoyote, hata ya nidhamu. Vyuma vya madirisha visichomelewe moja kwa moja. Fundi wa Katwe anayetengeneza dirisha anaweza kuweka bawaba upande mmoja na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Mwambie hivyo wakati wa kuagiza, maana asipoambiwa atachomelea. Mshumaa na tadooba (kibatari) zisiingie kabisa, vyandarua hushika moto haraka. Waya wa kuchajia simu uliounganishwa kwa mkono chini ya kitanda hupata joto kwenye kiungo, na swichi kuu haikatiki, kwa sababu haioni joto la kiungo kibovu, huona wingi wa umeme tu.

Kisha fanya jaribio, usiku, taa zikiwa zimezimwa, bila kumwambia mtoto yeyote; wajue matroni na walimu tu. Gonga kengele, washa saa. Weka mwalimu kwenye kila mlango ahesabu wanaotoka, na mwingine uwanjani mwenye daftari la majina. Simamisha saa jina la mwisho likiitika. Ikizidi dakika mbili, tazama walikokwama: kwa kawaida ni sanduku la chuma njiani au mlango wa pili ambao watoto hawakuwahi kuutumia. Ondoa sanduku. Anza kesho asubuhi kuwapitisha watoto mlango ule kila wanapokwenda kunawa.